Njia za Mkato Zinazoua Maua Kabla Ukumbi Haujajaa

Waridi likiinamisha shingo saa 2 usiku, wakati maharusi ndiyo kwanza wanaingia ukumbini, kosa halikufanyika saa 2 usiku. Lilifanyika asubuhi, au jana yake, pale mtu alipotazama saa, akatazama ndoo zilizojaa maua, akaamua kuruka hatua moja. Mara nyingi ni hatua ndogo: kukata ncha upya, kutoa majani ya chini, kuyaacha maua yanywe kabla ya kupangwa. Asubuhi zikaokolewa dakika 20. Jioni zikadaiwa pamoja na riba, mbele ya kamati nzima ya harusi.

Makala haya ni ya mpambaji anayeanza, ya shangazi aliyebebeshwa na ukoo kazi ya meza kuu kwa kuwa "ana mkono," ya kijana anayeuza maua kando ya barabara, na hata ya aliyenunua fungu moja la mawaridi akitaka likae sebuleni wiki nzima. Hoja ni moja. Ua lililokatwa limebakiwa na kazi moja tu, nayo ni kunywa. Karibu kila njia ya mkato katika kuandaa maua inaiba muda huohuo wa kunywa. Muda upo mahali pengine pa kuuokoa, na huko tutafika.

Ua lililokatwa bado linaishi

Ua halifi papo hapo likikatwa. Linaendelea kupumua, kupoteza maji kwa njia ya majani na petali, na kula sukari iliyobaki ndani yake. Lililopoteza ni mizizi. Sasa maji yana njia moja ya kupanda: mirija myembamba iliyomo ndani ya kikonyo. Mirija hiyo huzibwa na mambo mawili hasa, hewa na vijidudu.

Anayeishi kwenye mgao wa maji anajua hali ilivyo maji yanaporudi: bomba hukohoa na kutema hewa kwanza, kisha maji yakafuata. Ua nalo hufyonza hewa mara tu linapokatwa na kuachwa mezani, ila halina presha ya kuitema. Kiputo kikishaingia kinakaa palepale, na maji yaliyo chini yake hayapiti. Vijidudu navyo huzaliana kwenye maji machafu na kutengeneza utelezi unaoziba ncha ya kikonyo. Ua linaweza kusimama ndani ya ndoo iliyojaa maji na bado likafa kwa kiu.

Adui wa tatu ni joto. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya ua kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu, na akiba yake inaisha kwa kasi hiyohiyo. Ndiyo maana mashamba ya Naivasha hukimbiza mawaridi kwenye vyumba vya baridi vya nyuzi kati ya 2 na 4 mara baada ya kuyavuna, kisha kwenye malori yenye majokofu hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Siku hizi sehemu ya mawaridi hayo hupita bandari ya Mombasa. Hukaa baharini zaidi ya wiki 3 ndani ya makontena ya baridi, na bado hufika Ulaya yakauzwa. Waridi la aina ileile, likitupwa kwenye ndoo chafu juani, halimalizi siku 2. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ua linalofika mbali likiwa zima halikurukiwa hatua njiani.

Kupanga maua yakiwa na kiu

Hii ndiyo njia ya mkato yenye gharama kubwa kuliko zote. Boksi la mawaridi limepanda basi Arusha na kushuka Dar es Salaam baada ya saa nyingi bila tone la maji. Mpambaji analifungua na kuanza kuchomeka palepale. Saa za kwanza hakuna dalili mbaya, kwa sababu petali bado zina maji yake. Taa za ukumbi zikiwashwa na watu wakijaa, ua linahitaji kunywa haraka kuliko linavyoweza, na sehemu dhaifu kuliko zote, shingo iliyo chini ya kichwa, inalegea.

Maua yakifika, hatua ya kwanza ni kuyanywesha. Kata sentimita 2 au 3 za ncha, tia kwenye maji safi yenye kina, weka kivulini mahali pasipo na upepo, na uyaache kwa saa 2 hadi 4. Usiku mzima ni bora zaidi. Mawaridi yaliyofungwa kwa karatasi yaache na karatasi yake hadi yanywe, maana inashikilia vichwa vikae wima wakati shingo zinapata nguvu.

Vitabu vingi vya upambaji vimeandikwa kwenye nchi za baridi, navyo husisitiza maji ya uvuguvugu, kwa sababu hupanda haraka kwenye kikonyo kilichokauka. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa maji ya bomba tayari ni ya uvuguvugu, kwa hiyo usijichoshe na jiko. Limuru, Njombe au Arusha alfajiri, changanya na maji ya moto kidogo kwa kinywaji cha kwanza.

Utajuaje kama ua limekunywa vya kutosha? Lishike katikati ya kikonyo na ulilaze kidogo. Ua lililoshiba hukaa limenyooka kama lilivyo. Lenye kiu hudondosha kichwa. Bonyeza pia sehemu ya chini ya kichwa cha waridi, pale petali zinapokutana na kikonyo, kwa vidole viwili. Pakiwa pagumu, ua ni la karibuni. Pakiwa laini, ua ni la zamani na maji hayatalirudisha ujana. Kipimo hiki ukitumie dukani kabla ya kulipa.

Mkasi wa nguo, panga na nyundo

Ncha ya kikonyo iliyosafiri imekauka na kuziba, hivyo ni lazima ikatwe upya. Hapo ndipo njia za mkato huzaliana.

Ya kwanza ni kushika fungu zima na kulikata kwa mpigo mmoja wa panga, au kutumia mkasi wa kitambaa. Vyote viwili huponda kuliko vinavyokata, na mirija iliyopondwa haipitishi maji. Tumia kisu chenye makali au mkasi wa kupogolea matawi.

Ya pili ni kukata maua yote kwanza na kuyalaza mezani, kisha kuyatia ndani ya ndoo kwa pamoja. Ua la kwanza limeshafyonza hewa kabla hujafika la mwisho. Weka ndoo karibu na mkono wako. Kata, tia, chukua jingine. Kata mshazari. Faida kubwa ya mshazari ni kwamba ncha hailali bapa kwenye sakafu ya ndoo ikajiziba.

Ya tatu ni nyundo. Wengi tulifundishwa kwamba vikonyo vigumu, kama vya waridi au haidrenjia, vipondwe ncha ili vinywe. Kuponda huvunja mirija na kuacha makapi yanayooza ndani ya maji, yaani chakula cha vijidudu. Kisu kikali kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Ya nne ni ile kauli ya "nilishakata jana." Kila ua linapotoka majini na kukaa nje kwa muda, kata tena kidogo kabla ya kulirudisha.

Mimea inayotoa utomvu mweupe kama maziwa ina utaratibu wake. Usiichanganye na maua mengine kwenye ndoo moja mara tu ikikatwa, kwa sababu utomvu huchafua maji ya wote. Choma ncha kwa mwali wa mshumaa kwa sekunde chache, au itenge kwenye ndoo yake hadi utomvu ukome. Ukikata tena, choma tena.

Majani na miiba

Jani lililozama majini linaoza. Baada ya siku moja maji yanakuwa na ukungu, siku ya pili yananuka. Asiyeondoa majani ya chini ameokoa dakika chache tu, kisha amejipa kazi ya kubadilisha maji ambayo pengine hataifanya.

Wengine hukosea upande wa pili. Wanashika kikonyo kwa gunia au kwa waya wa kusugulia sufuria na kuvuta kwa nguvu kuanzia juu hadi chini, majani na miiba vikatoka kwa pamoja. Gome nalo linachunika, na kila mchubuko ni mlango wa vijidudu. Kisha ua linabaki bila jani hata moja, ilhali majani ya juu ndiyo yanayosaidia kuvuta maji kwenda juu. Toa yale tu yatakayozama, na uyaache machache karibu na kichwa.

Kwenye miiba unaweza kuokoa muda bila hasara. Shada la bibi harusi litashikwa mkononi, kwa hiyo miiba yake itoke yote: sukuma kila mwiba kwa upande kwa kidole gumba na utakatika bila kuchuna gome. Chombo cha meza kuu hakuna atakayekikumbatia. Iache miiba yake.

Ndoo, sukari na jiki

Ndoo iliyobeba mchanga wa fundi, au iliyotumika wiki iliyopita ikasuuzwa juujuu, ina utelezi ukutani hata kama macho hayauoni. Pitisha kidole ndani. Kikiteleza, osha kwa sabuni na brashi, malizia kwa maji yenye jiki kidogo, suuza. Ndoo ambayo usingekubali kunywea maji wewe, usiinyweshee maua.

Halafu kuna dawa za jikoni. Sukari peke yake, soda peke yake, aspirini peke yake: kila mtaa una fundi wake. Chakula halisi cha maua kina vitu vitatu vinavyofanya kazi kwa pamoja. Sukari hulilisha ua, tindikali kidogo huyafanya maji yapande kwa urahisi, na dawa ya kuua vijidudu hulinda mirija. Ukitia sukari peke yake umewalisha vijidudu kabla ya ua.

Pakiti za chakula cha maua zikipatikana, fuata kipimo kilichoandikwa. Kutandaza pakiti ya lita 1 kwenye ndoo ya lita 10 ili idumu ni hasara. Sukari inabaki ya kuwatosha vijidudu, dawa ya kuwaua haitoshi, na maji matupu yangekuwa afadhali. Zisipopatikana, katika lita 1 ya maji tia kijiko 1 cha chai cha sukari, vijiko 2 vya chai vya maji ya ndimu, na robo ya kijiko cha chai cha jiki. Jambo moja lisisahaulike: jiki na ndimu visikutane vikiwa vikali, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu. Tanguliza maji, tia ndimu na sukari, koroga, ndipo uongeze jiki, ukiwa mahali penye hewa. Wala usizidishe jiki ukidhani unaongeza usafi. Ikizidi huunguza vikonyo.

Siku zinazofuata, usiongezee maji mapya juu ya machafu. Mwaga yote, suuza chombo, kata ncha kidogo, weka mapya, kila siku au kila baada ya siku 2.

Walio Arusha, Meru, Naivasha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa wana tatizo la ziada. Maji ya huko mara nyingi yana floridi nyingi, ileile inayotia meno rangi ya kahawia. Gladiolasi na jabera haziivumilii. Hata miligramu 1 kwa lita inaweza kuunguza kingo za petali, na mpambaji akabaki anamlaumu mkulima. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya maua hayo, au chagua aina nyingine. Jabera pia haipendi maji ya kina, kwa kuwa kikonyo chake laini huoza upesi. Sentimita 5 hadi 8 zinatosha, mradi uangalie yasikauke.

Sponji la kijani

Sponji la kuchomekea maua lilibuniwa Marekani na Vernon Smithers mwaka 1954, likauzwa kwa jina la Oasis, na leo wapambaji wengi huliita hivyo hata likiwa la kampuni nyingine. Linaharakisha kazi kweli. Lakini lina masharti, na sharti la kwanza ndilo linalovunjwa kila Jumamosi.

Ukitaka kuona kinachotokea, chukua tofali moja la sponji, likandamize kwa kiganja hadi lizame ndani ya beseni, litoe, kisha lipasue katikati kwa kisu. Pembeni utaona kijani kizito kinachochuruzika maji. Katikati utaona kiini cha kijani kilichopauka, kikavu, kinachoacha unga kwenye kidole. Ulipolisukuma ulifungia hewa ndani, na maji hayataingia humo tena. Ua litakalochomwa hadi kwenye kiini hicho limepandwa jangwani. Sasa chukua tofali la pili, liweke juu ya maji uliachie. Litazama lenyewe kwa dakika moja au mbili, sawasawa hadi ndani. Dakika hizo ndizo watu wanazozikwepa. Kulimwagia maji ya bomba kutoka juu nako huacha kiini kikavu vilevile.

Sharti la pili: sponji lililokwisha kukauka halitumiki tena. Halilowi kama mwanzo, na matundu ya zamani yamejaa hewa. Sharti la tatu: choma mara moja. Ukichoma kisha ukavuta kidogo juu ili ua lilingane na wenzake, umeacha pengo chini ya ncha. Likikaa vibaya, litoe lote ulichome mahali papya. Na ukimaliza kupanga, ongeza maji kwenye chombo. Sponji peke yake halibebi akiba ya usiku mzima kwenye ukumbi wa joto.

Aliyechoka na gharama za sponji, au na takataka zake zisizooza, akunje waya wa banda la kuku uwe donge na kuuweka ndani ya chombo chenye maji. Maua hukaa wima, hunywa maji moja kwa moja, na waya huoshwa ukatumika harusi ijayo.

Friji, matunda na chupa ya kunyunyizia

"Tia kwenye friji" ni ushauri mzuri ulioua maua mengi. Friji ya nyumbani ina ndizi, maembe, parachichi na mapapai, na matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, inayoyaambia maua yazeeke. Kaneshoni ni mwathirika mkubwa: petali hujikunja kwa ndani kana kwamba ua linasinzia, na halifunguki tena. Ukitumia friji, ondoa matunda yote, weka maua mbali na sehemu ya barafu, na uyaache ndani ya maji. Maua ya asili ya joto, kama anthuriamu, helikonia na ndege wa peponi, usiyaweke humo kabisa. Baridi ya chini ya nyuzi 10 huyatia weusi.

Ethilini imo pia kwenye moshi wa injini. Chumba cha maua kikipakana na jenereta ya ukumbi, au ndoo zikipangwa nyuma ya gari linalounguruma, unayazeesha bila kujua. Na kikapu cha matunda cha meza kuu kifike mwishoni, kisilazwe usiku na maua chumba kimoja.

Kunyunyiza maji juu ya petali hupendeza kwenye picha, lakini waridi halinywi kwa kichwa. Matone yanayobaki kati ya petali, hasa kama maua yamefungwa kwa nailoni, huleta kuvu wa kijivu na madoa ya kahawia. Haidrenjia ni tofauti: kichwa chake hunywa, na likinyauka unaweza kulizamisha lote kwenye maji kwa nusu saa likafufuka.

Usafirishaji nao una mkato wake. Gari lililofungwa vioo juani hupita nyuzi 40 kwa muda mfupi, na kisanduku cha bodaboda bila kifuniko ni upepo mtupu. Ukiweza, hamisha maua alfajiri, ndani ya ndoo zenye maji kidogo, yakiwa yamefunikwa kwa karatasi.

Kulilazimisha ua lichanue

Mawaridi yamefika yakiwa matumba na harusi ni leo. Wengine huyapuliza, wengine huyatia kwenye maji ya moto, wengine hukunja petali moja moja kwa nje hadi ua lionekane kubwa. Petali iliyokunjwa imechubuliwa. Baada ya saa chache kingo zinageuka kahawia. Kwa shada litakalopigwa picha jioni moja inavumilika, ila usifanye hivyo kwa mapambo yanayotakiwa kukaa hadi ibada ya Jumapili. Tumba huchanua kwa sukari na muda. Nunua siku 2 kabla, weka kwenye chakula cha maua, acha chumbani bila friji. Lililovunwa changa mno halitachanua hata ulibembeleze vipi. Na yale yaliyochanua kabisa, yanayouzwa nusu bei Ijumaa jioni, yananunuliwa kwa ajili ya usiku uleule.

Asumini na vikuba

Pwani na visiwani, Unguja, Mombasa hadi Lamu, harusi haijakamilika bila asumini. Hapa ua lenyewe ndilo linalopanga ratiba. Asumini huchumwa alasiri likiwa tumba jeupe lililofumba, nalo hufunguka usiku na kutoa harufu. Anayeamua kuchuma asubuhi ili awahi anakusanya maua yaliyochanua jana usiku, yaliyolegea na yanayopukutika yakiguswa.

Mkato wa pili ni kuyamwagia maji ili yasinyauke. Tumba la asumini likilowa na kusuguana na mwenzake huchubuka na kugeuka kahawia. Yaviringe kwenye kitambaa cha pamba chenye unyevu tu, au kwenye jani la mgomba, uyaweke mahali pa baridi hadi wakati wa kutunga. Wakati wa kutunga koja, sindano ipite kwenye kijishingo cha ua, isipite kichwani. Kwa vikuba, vile vishada vidogo vya maua na majani yenye harufu, tayarisha rehani na mkadi mapema, kwa kuwa vinavumilia. Asumini na kilua viingie mwisho. Akina mama wanaotunga vikuba hawachelewi, wala hawaruki hatua. Wanaanza na kinachovumilia na kumaliza na kinachoharibika upesi. Ni utaratibu ambao hata mpambaji wa ukumbi angefaa kuuiga.

Mahali pa kuokoa muda

Punguza aina za maua. Aina 3 zikirudiwarudiwa hupendeza, na zinahitaji matunzo ya namna tatu badala ya tisa. Chagua zinazovumilia: krisanthemamu na kaneshoni zikitunzwa hufika wiki 2, alstromeria na jipsofila nazo hazisumbui. Osha ndoo na noa visu kabla maua hayajafika. Gawa kazi kwa kituo, mmoja akate, mmoja atoe majani, mmoja apange, badala ya kila mtu kufanya kila kitu. Majani ya kujazia yachomekwe usiku wa kuamkia sherehe, kwa kuwa hayanyauki haraka.

Kwa harusi ya Jumamosi jioni, hesabu kurudi nyuma. Alhamisi jioni, ndoo na visu. Ijumaa asubuhi, maua yafike, yakatwe, yanywe hadi jioni. Ijumaa usiku, sponji lilowe na majani yaingie. Jumamosi saa 12 asubuhi anza kupanga, saa 6 mchana uwe umemaliza, ukiacha shada la bibi harusi kwa mwisho. Saa 9 peleka ukumbini, saa 11 jioni pitia kila chombo na birika la maji.

Na kama mipango imevurugika, maua yamefika Jumamosi mchana? Kata ncha, tia kwenye maji ya uvuguvugu yenye kina, yape walau saa moja. Waridi lililokwisha kuinama likatwe sentimita 3, lifungwe kwa gazeti likiwa limenyooka, lizamishwe hadi karibu na shingo kwa saa moja au mbili. Mengi huinuka, yaliyoinama tangu jana usiyahangaikie. Kisha tumia vyombo vya maji badala ya sponji, maana humo ua linaendelea kunywa bila kizuizi.

Halafu mpigie mwenyekiti wa kamati mapema, kabla hajafika ukumbini, umwambie wazi: shada, meza kuu na lango vitapambwa kwa maua, meza za wageni zitapata majani mabichi na mishumaa. Ataguna, kisha atakubali. Ukibanwa na muda, punguza idadi ya vyombo, usipunguze hatua. Wageni hawahesabu vyombo vilivyokosekana, lakini kilichonyauka kila mmoja atakiona.